Shamsiya na Mkaguzi Mwenye Mdomo

Enzi zile za ruksa, mwaka tisini na tatu, Jafferji muuza dawa wa jumla alipitisha mpakani Horohoro kompyuta ya mtumba, akamwajiri Shamsiya binti Harub aiandikie programu ya stoo: dawa ipi bado nzima, ipi ya kutupwa. Mjini Tanga watu wakashika midomo. Mtoto wa kike na chombo kile! Mwenyewe kichwa kilimvimba kidogo, tusimfiche.

Ndani ya kompyuta mlikuwa na programu nyingine, mkaguzi, kazi yake kusoma alichoandika Shamsiya na kumtoa kasoro. Loo, alikuwa na mdomo huyo! Mstari mrefu, onyo. Nafasi imezidi, onyo. Siku moja akasema: jina “tarehe” umelitumia mara mbili, la ndani linalifunika la nje. Shamsiya akacheka. Kwao babu ni Nabhan na mjukuu ni Nabhan, nani amewahi kupotea? Akaandika amri moja juu kabisa, maonyo yote yakanyamaza. Jafferji akachungulia kioo kisicho na doa, akafurahi: “Mashallah, binti yangu!”

Lakini mashine haijui Nabhan yupi ana mvi. Kila tarehe iliyoingizwa ilidakwa na ile ya ndani, ikapotelea humo. Ile ya nje, iliyoamua dawa ipi itoke, ilibaki tupu, na penye tupu mashine ikaona salama.

Mwezi wa pili tangu programu ianze kazi, akaingia Mwatumu, muuguzi wa zahanati moja ya Pongwe, na chupa ya dawa ya kikohozi ya watoto.

“Shikamoo, mzee. Hii imekwisha muda tangu Machi. Bahati hatujampa mtu.”

Jafferji akamgeukia Kombo, mtunza stoo wake wa miaka kumi na tisa. “Kombo, macho umeyaweka wapi? Kesho usije!”

Kombo akainamisha kichwa. Shamsiya alijua angeweza kurekebisha kimyakimya. Nani mwingine Tanga nzima angeisoma programu ile? Roho ikamsuta, akaogopa, akasimama hivyo hivyo.

“Mzee, si Kombo. Ni mimi. Nilionywa, nikamziba mdomo aliyenionya.”

Jafferji akamwambia Kombo arudi kazini. Shamsiya akamfuata stoo kumwomba radhi.

“Nimekusamehe, mwanangu,” alisema Kombo. “Ila zile chupa niliziona. Nilikuja kukwambia, ukanijibu nifuate karatasi ya kompyuta.”

Shamsiya alijaribu kuikumbuka siku hiyo. Hakuikumbuka kabisa.