Bwana wa Kiti cha Nyuma

Mume wangu hakujua kuendesha pikipiki, na mji mzima wa Lodwar ulikuwa na habari hiyo isipokuwa yeye. Mimi nilijifunza nyumbani Bungoma kwa pikipiki ya kaka yangu. Lakini tulipooana tulikubaliana, yaani yeye alikubaliana, kwamba mke wa mtu hukaa nyuma.

Nilikaa nyuma hadi Jumapili moja mwaka wa 2012, aliponimwaga kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu, tukienda kanisani. Mimi nilipoteza kiatu. Yeye aliteguka mkono. Nikainua pikipiki, nikaipiga teke ikawaka.

"Panda."

"Watu wataniona!"

"Basi tembea."

Jua la Lodwar lilimshauri. Akapanda.

Mbele kidogo tukampita mama wa Kiturkana aliyejitwika gunia la makaa.

"Ejok!" akanisalimu kwa Kiturkana. "Mama, umebeba nini huko nyuma?"

"Bwana!"

Alicheka mpaka gunia likayumba. "Hiyo nzito kushinda makaa!"

Mkono ulipopona nilimpa ufunguo. Akautazama, akanirudishia.

"Mama Watoto, mimi huwa naogopa," akasema. "Kila asubuhi kabla ya kuwasha, tumbo linajikunja."

Tumbo hilo tulikuwa tumelitibu kwa vidonge, maziwa ya ngamia na maombi ya kufunga. Kumbe ugonjwa ulikuwa umeegeshwa mlangoni! Alipoacha kuendesha, akaanza kula pilipili.

Mzee wa kanisa hakufurahi. Alikuja, akanywa chai yetu, kisha akasema, "Ndugu, kichwa cha nyumba hakikai nyuma."

"Mzee, Yesu aliingia Yerusalemu amebebwa na punda," mume wangu akajibu. "Nani alisema punda ndiye kichwa?"

"Kwa hiyo mimi ndiye punda?" nikauliza kutoka jikoni.

Mzee alipaliwa na chai. Mume wangu aliniomba radhi mbele yake, na hilo nadhani lilimuumiza mgeni kuliko pikipiki.

Mwaka uliofuata nikapata kazi ya kufundisha wakimbizi Kakuma. Zamani mambo kama hayo yeye aliyaamua peke yake, sisi tukatangaziwa kwenye chakula cha jioni. Safari hii aliuliza, "Wewe unaonaje?" Sikuwa nimezoea swali hilo; nikamwomba anipe siku mbili nifikirie. Nikaenda na watoto, naye akaomba uhamisho kazini kwake atufuate.

Huko Kakuma lile tumbo la kujikunja likanihamia mimi. Kumpeleka yeye kazini, kukimbilia darasani, kutafuta petroli, kuziba pancha, kisha kurudi kupika. Nikamwambia wazi kwamba kama huu ndio usawa, achukue na nusu ya tumbo. Alichukua petroli na pancha, halafu, bila kuombwa, akachukua na jiko jioni ninapochelewa. Wiki chache baadaye nilikuwa nalala kama mtoto mchanga.

Ugali wake wa kwanza ungeweza kujenga darasa. Jirani yetu, mama kutoka Kongo, alichungulia mlangoni.

"Papa, ni weye unapika?"

"Ni mimi."

Aliutazama ule ugali kwa huruma. "Basi mungojee, nilete sombe na kitu ya kula nayo."

Alileta sombe, yaani kisamvu, na wali. Tulikula tukashiba, mpishi akiwa wa kwanza kuongeza. Ugali tulimtupia mbuzi wa jirani mwingine. Aliunusa, akaenda zake.