Kapu la Usipa kwa Mfadhili Asiye na Anwani

Barua pepe ya pili niliyopata kuipokea maishani mwangu ilitaka kututajirisha. Ya kwanza ilitoka kwa mwenye duka la intaneti pale Mbinga mjini, aliyekuwa ameketi hatua mbili kutoka kwenye kiti changu, na aliyeniandikia "Habari" ili kuthibitisha kwamba anwani niliyoifungua ilikuwa ikifanya kazi. Nilimjibu "Nzuri", tukapeana mikono. Wiki mbili baadaye nilirudi, nikaukuta ujumbe huo wa pili, nikausoma mara tatu, na nilipoinuka nilimwamkia mwenye duka shikamoo ingawa tulikuwa rika moja.

Mwandishi alijitambulisha kuwa mwanasheria wa bibi mmoja tajiri wa Ulaya, mjane asiye na mtoto, aliyefariki akiacha wasia kwamba mali yake iwasaidie wanyonge wanaomcha Mungu. Alituita "Mpendwa katika Kristo". Hakutaja jina la kikundi chetu, wala la kijiji, wala la ziwa; hilo nililichukua kuwa ni adabu ya wanasheria. Aliomba mambo mawili tu: nambari ya akaunti itakayopokea fedha, na usiri mpaka wasia utekelezwe.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na mwaka mmoja tangu nitoke chuoni. Zilikuwa zama za soko huria. Kwetu Mapera, ambako baba yangu alilima kahawa, wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kupanda milima na mizani zao, na chama cha ushirika kilikuwa kimebaki na jengo tu. Tulifundishwa kwamba serikali haitafanya tena kila kitu; kazi yetu sisi maafisa maendeleo ilikuwa kuwaamsha wananchi wajitegemee, kisha kuwatafutia wafadhili. Neno hilo, wafadhili, tulilitamka kwa sauti ile ile tuliyoitumia utotoni katika mafundisho ya kipaimara.

Nilipangiwa Lipingo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nikawa katibu wa kikundi cha akina mama waliokausha usipa, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na kuuuza milimani. Walichokitaka kilikuwa kimoja: mashine ya kusaga. Mashine ya karibu ilikuwa mbali kiasi kwamba wengi waliendelea kutwanga makopa ya muhogo kwa kinu, na mwenyekiti wetu, mama aliyekwisha kuzaa na kujukuu, alikuwa na bega moja lililoshuka chini ya jingine kwa sababu ya mchi. Kila walichouza kilikwenda katika akaunti ya kikundi kwenye benki ya Mbinga. Fedha ilitolewa kwa sahihi tatu: dole gumba la mwenyekiti, sahihi ya mweka hazina, na yangu.

Kikundi kilikuwa na kanuni ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja: karatasi yoyote inayoingia au kutoka isomwe mbele ya wanachama wote. Niliiheshimu sana. Hata hivyo, siku ile nilijiambia kwamba barua pepe si karatasi. Nikaketi tena, nikachapa nambari ya akaunti kwa vidole viwili, nikaituma. Kuchapa kulinichukua muda mrefu kuliko kufikiri.

Niliteremka kuelekea ziwani juu ya lori, nimekalia mifuko ya saruji, na ujumbe niliochapishiwa ukiwa kifuani. Lori lilipofika pale milima inapokwisha na ziwa zima likatokea chini, la buluu mpaka linapokutana na mbingu, niliimba. Dereva alitoa kichwa dirishani akauliza kama kuna mgonjwa huko juu.

"Shikamooni, mama zangu," niliwaamkia kesho yake, kwenye vichanja vya kukaushia.

"Marahaba, bibi maendeleo," mweka hazina alijibu. Huyu alikuwa mwembamba, mwepesi wa ulimi, na alinitania tangu siku ya kwanza kwa kuwa mimi ni Mmatengo wa milimani ninayeogopa maji yakipita magoti. "Unacheka peke yako tangu kule njia panda. Umechumbiwa, au umeanguka kutoka kwenye lori?"

Niliwasomea ujumbe kwa Kiswahili, polepole. Jambo la nambari sikulisema. Nilingoja vigelegele.

"Huyo mwanasheria ana mke?" aliuliza mweka hazina.

"Ujumbe hausemi, mama."

"Watoto?"

"Hausemi."

"Nyumbani kwao ni wapi?"

"Ulaya."

"Ulaya penyewe, au ng'ambo ya Ulaya? Barua ndefu hivyo, na haisemi mtu katoka wapi."

Mwenyekiti alikuwa akigeuza usipa kwa kiganja. "Tuanze na pole ya msiba," alisema. "Umwandikie kwamba tumesikitika kwa bibi yake. Kisha utuambie: yeye anatupa, sisi tunampa nini?"

Nilieleza kwa subira ya kitaalamu kwamba mfadhili hatarajii kitu.

"Ninyi huko Mapera," alisema, "jirani akikuletea kapu la samaki, unamrudishia kapu tupu?"

"Hapana, mama. Tunatia maharage."

"Basi na wewe una akili. Tutampelekea kapu la usipa."

Hapo ndipo vigelegele vilipopigwa. Sijapata kuona mkutano wa kikundi ukienda kwa furaha ile. Walibishana nani atoe kapu na usipa wa kichanja kipi una rangi ya fedha zaidi. Walibishana pia kama Mzungu hula kichwa, na mmoja alipojitolea kukaa siku nzima akivitoa vichwa vyote, kimoja kimoja, walimcheka mpaka akakaa chini.

Safari iliyofuata ya Mbinga nilikuta ujumbe mpya. Mwanasheria alishukuru kwa nambari. Sasa alihitaji karatasi yenye sahihi zote tatu za akaunti, dole gumba likiwemo, itumwe kwa faksi upesi. Nilimjibu kwamba karatasi itaandaliwa, na kwamba wanachama wanampa pole na wanaomba anwani ya nyumbani kwake ili kumpelekea samaki. Alijibu kabla sijaondoka: zawadi haihitajiki, sahihi ndizo zinazohitajika, na jambo libaki siri.

Kule ziwani jibu hilo liliwachoma. "Amedhani ni wabichi," alisema mwenyekiti. "Mwambie ni wakavu, hawaozi, hata wakipita baharini." Ombi la sahihi hawakulikataa. Mwenyekiti aliweka dole gumba, mweka hazina akasaini akiwa ametoa ulimi, nami nikasaini. Lakini niliponyoosha mkono kuichukua karatasi, mwenyekiti aliikunja, akaitia chini kabisa ya kapu, akamimina usipa juu yake na kushona mdomo wa kapu kwa ukindu.

"Karatasi itasafiri na samaki," alisema. "Akisema anapokaa, atavipata vyote viwili."

Nilipanda milima na kapu lile mapajani, na abiria wote wa lori wakajua nimetoka ziwani. Nilimwandikia mwanasheria kwamba ni wakavu. Alijibu kwamba hali samaki. Nikaandika, kama nilivyokuwa nimeagizwa iwapo atakataa, kwamba basi ni wa mkewe. Na kama mke naye hali, ni wa jirani. Lakini anwani lazima. Nilinunua chai, nikangoja. Jibu lilipokuja lilikuwa limeandikwa lote kwa herufi kubwa. Lilisema tuachane kabisa na habari ya samaki, tutume sahihi leo hii, la sivyo fedha zitapewa watu wengine.

Nataka kuwa mkweli kuhusu dakika zilizofuata. Faksi ilikuwa posta, nami nikaenda posta. Niliweka kapu sakafuni, nikakata nyuzi tatu za ukindu, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko katika usipa ule mkavu uliokwaruza kama mchanga. Nilikuwa nikiiona mashine. Nilikuwa nikiliona bega la mwenyekiti likinyooka. Vidole vyangu viliigusa karatasi, na hapo nikasikia sauti ya mweka hazina, wazi kama yumo foleni nyuma yangu: barua ndefu hivyo, na haisemi mtu katoka wapi. Mtu yule alijua fedha zetu zinakaa wapi. Sisi hatukujua hata mtaa anaolala, na tulipouliza ili tumpe chakula, alikasirika.

Nilitoa mkono mtupu. Nikabeba kapu, nikavuka barabara kwenda benki.

Karani wa kaunta alikuwa mtu mzima mwenye kofia ya kufuma, ambaye babu yake alikuja Mbinga kutoka pwani kufungua duka. Nilimpa shikamoo na barua zote. Alizisoma kwa utulivu hadi ile ya herufi kubwa. Akairudia.

"Binti yangu, nambari ya akaunti umempa?"

"Nimempa."

"Na sahihi?"

"Ziko chini ya samaki."

Alinitazama. Akainama kutazama kapu. Kisha akaweka paji la uso juu ya kaunta, mabega yakimtikisika kwa kicheko, hata mwenzake akaja kuuliza kama anahitaji maji.

Alipotulia, alinieleza kwa lugha nyepesi ambayo chuo hakikuwahi kunifundisha. Mtu mwenye nambari na mfano wa sahihi anaweza kuiandikia benki barua ya kuhamisha fedha, na barua hiyo ikafanana na yetu kabisa. Barua pepe ya namna ile alikwisha kuiona mikononi mwa mwenye duka la vitambaa, neno kwa neno, isipokuwa marehemu alikuwa jenerali. "Anayekuhimiza ufanye haraka, na anayekuhimiza ufanye siri, kila mmoja muogope," alisema. "Mmoja akiwa na tabia zote mbili, usimjibu tena hata neno. Njoo kwanza hapa uniulize mimi; kuuliza hakulipiwi."

Akaunti, alisema, ilikuwa salama kwa siku hiyo, na angeiwekea alama ili isitoke hata senti kwa barua. Lakini ifungwe na kufunguliwa mpya, na wenye sahihi wote watatu waje wenyewe. Nilielewa maana yake: ningelazimika kwenda kuwaambia. Niliichana ile karatasi mbele yake, nikamwachia kapu. Alikataa mara moja tu, kisha akalipokea.

Nilisema yote palepale kwenye vichanja, nimesimama. Kwamba niliituma nambari kabla ya kuwasomea. Kwamba nilifika posta na mkono ukaingia kapuni.

"Kwa hiyo," alisema mweka hazina, "chuo miaka miwili, na samaki wakavu ndio waliokuwa na akili."

"Ndiyo, mama."

"Na sisi tulikuwa tunampenda kweli, yule mwanasheria. Mimi nilikwisha kumwombea mkewe."

Hapo mmoja alicheka, kisha wote, wakishikana wasianguke kwenye vichanja. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Alinivuta mkono, akaugeuza kiganja juu, laini kwa kalamu. "Kanuni umeivunja," alisema. "Kesho utatwanga makopa yangu." Nilitwanga tangu umande mpaka adhuhuri. Malengelenge yalipopasuka nilikuwa nimejua kuhusu mashine ya kusaga mambo ambayo hayakuwamo katika taarifa zangu zote. Alikuja kunipokea mchi, akasema, "Sasa umesaini."

Watu watatu walitakiwa benki. Walikuja kumi na wanne. Walisema kanuni ni kanuni, karatasi zisomwe mbele ya wote. Lori lilipanda milima likiimba, na mimi, Mmatengo, nilitakiwa kueleza kila ngolo, yale mashimo ya shamba yaliyopangwa milimani kwetu kama sega la nyuki, nani kayachimba na kwa nini. Ndani ya benki walijipanga ukutani kwa vitenge vyao vya Jumapili. Nilisoma fomu kwa sauti, mstari kwa mstari, na wateja wengine wakanyamaza kusikiliza. Mwenyekiti alibonyeza dole gumba kwa nguvu hata meza ikalia.

Karani akaingia chumba cha nyuma, akarudi na kapu letu. Ndani yake mlikuwa na mikate miwili na sukari, na chini kabisa, pale ilipokuwa ile karatasi, kitabu kipya cha akaunti.

"Kwetu pia halirudi tupu," alisema.

Nje, juu ya lori, walitaka niandike barua ya mwisho kwa mwanasheria, nao wakaitunga kwa kunyang'anyana maneno huku wakimega mkate. Ilisema hivi: pole tena kwa bibi yako, samaki wako tumempa mtu mwenye anwani, nasi tunakula mkate wake. Niliiandika yote, nikaisoma mbele ya wanachama wote kumi na wanne, wakaipitisha kwa mikono juu. Sikuituma, kwa kuwa karani alisema mtu yule asijibiwe. Ninayo mpaka leo ndani ya daftari la kikundi, na kila nikilifungua hunuka usipa.