Mayai ya Kuku wa Msangano

Nesta aliolewa kutoka Msangano, bondeni, akapandishwa Igamba kwenye kahawa na ukungu enzi za Mwingereza. Katika vyote alivyobeba hakupenda kitu kama kuku mwekundu aliyepewa na mama yake siku ya kuondoka. Mama yake alifariki kabla mwaka haujageuka, na kuanzia hapo kuku yule akawa ndiye jamaa yake pekee huku juu. Anayeona hilo ni la kuchekwa aende zake, mimi nitaendelea.

Alitaka kizazi cha kuku yule, basi. Lakini kila kuku alipoatamia, mayai yaligeuka viza. Msangano kuna joto, kwa hiyo kuku anayeatamia hutolewa nje asubuhi azurure hadi ashibe, na mayai hayapoi. Nesta alifanya vivyo hivyo Igamba, tena mwezi wa sita, wakati maji ya mtungi yanauma meno. Mayai yalipoa, na kilichokuwa kinaamka ndani yake kikalala tena.

Aliyegundua ni mama mkwe wake, Ruti, mwanamke mkavu ambaye hakuwahi kumsifia mkwewe hata chumvi ya mboga. Alimwambia mayai yanakufa kwa baridi. Nesta akakimbilia kosa la upande wa pili: akakisogeza kikapu cha mayai, na kuku juu yake, hadi kando ya mafiga. Vifaranga walitoka mapema mno, vidole vimepinda, vitovu havijafunga. Walikufa mmoja mmoja. Wa mwisho aliishi kidogo lakini hakukua, akabaki vile vile kama ngumi ya mtoto mchanga, kisha naye akaenda. Nesta alilia kama aliyefiwa mara ya pili.

Kuku alikuwa mzee sasa. Alitaga tena mayai machache, akayaatamia vizuri, kisha kicheche akamkamata alipotoka kunywa maji. Nesta aliyakuta mayai bado yana uvuguvugu. Akayafunga kwa kitambaa laini, akayalaza tumboni mwake chini ya nguo.

Siku zile alitembea polepole kama anayeota. Aliyageuza mayai kwa vidole, kama kuku anavyofanya kwa mdomo. Asubuhi aliinua moja kwenye mwanga wa mlangoni, akaona nyuzi nyekundu zikitapakaa ndani na kitu kidogo kikicheza katikati yake. Mumewe, Osea, alihamia kwenye mkeka asije akayavunja, akawa anauliza kwa utani kama atakayezaliwa atabatizwa. Nesta alicheka tu. Wakati mwingine alisikia mama yake akiita kuku katikati ya ulezi, akaitika.

Kisha akashikwa na homa. Alilala akiwaka, na bonde zima likamjia kitandani: vumbi jekundu, ulezi, mama yake akipita bila kugeuka. Mikono yake iling'ang'ania kitambaa. Ruti akaingia, akamgusa paji la uso, akagusa na mayai.

“Unawapika, mwanangu,” alisema. “Niachie mimi.”

Akafungua kitambaa, akajifunga mwenyewe. Mwanamke yule, asiyekosa ibada, Jumapili ile hakwenda kanisani. Alikaa juani mlangoni, mikono tumboni, akiwafukuza wageni kwa macho.

Homa ilipomwachia, Nesta alihisi nyumba imetulia sana. Alipapasa tumbo lake, akakuta mayai hayapo, akamwita mama mkwe. Alidhani amemzika mama yake tena, na safari hii kwa mkono wake mwenyewe.

Ruti alikuja na kuketi ukingoni mwa kitanda. Ndani ya nguo yake kitu kililia, chembamba lakini chenye nguvu. Akafunua kidogo.

“Haya, mwone,” akasema. “Mjukuu wa mama yako huyu.”