Sijambo Niliyomjibu Daktari

Siku mbaya kuliko zote haikuwa ile ya kuumia. Ilikuwa siku ya arobaini ya binti yangu, alipotolewa nje mara ya kwanza. Shangazi wa mke wangu alinipa mtoto mikononi, nimvushe kizingiti mimi babake, watu wamejaa uani na wanawake wanapiga vigelegele. Nikainua mguu. Kiuno kikakatika kama kamba, mguu wa kushoto ukafa ganzi, nikaenda chini kwa magoti na mtoto akanitoka. Shangazi alimdaka kwa upindo wa kanga, kichwa kikiwa shubiri moja tu kutoka chini. Hakuumia. Alilia kidogo, akanyamaza. Ndipo mtu mmoja kule uani, wala sikumwona ni nani, akasema, "Mtegeaji huyo. Hata mwanawe anamtegea." Watu wakacheka.

Kwetu Kinjumbi mtegeaji ni mtu anayejifanya mgonjwa ili wenziwe wamfanyie kazi yake. Jina hilo nililipata shamba la mkonge, upande wa Lindi, na walionipa nawajua.

Nilikwenda huko mwaka wa pili baada ya vita vya Hitla, kijana mwenye kifua. Nikapangiwa gatini, kubeba robota za katani na kuzishusha kwenye tishari la kupeleka mizigo melini. Robota moja hubebwa na watu wanne. Asubuhi ile tulikuwa watatu, kwa sababu nyapara alimwita mwenzetu akamtengenezee baiskeli. Ubao ulikuwa umelowa. Mmoja akateleza, uzito wote ukanijia mimi. Nilisikia kitu mgongoni kinalia, kama mtu avunjaye kuni mbichi.

Nililala kambini siku nne. Siku ya tano akaja daktari Mzungu, mwenye Kiswahili cha kitabuni. Walinipeleka watu wawili, wamenishika makwapani, na karani wa shamba akaingia nasi awe mkalimani. Karani ni mtu wa kwetu, wa pwani hii hii.

Daktari akaniuliza, "Hujambo?"

"Sijambo, bwana."

"Hujambo kabisa?"

"Sijambo kabisa, alhamdulillahi."

Ulitaka nijibu nini? Nimelelewa kwamba salamu hujibiwa kwanza, habari hufuata. Hata anayekata roho husema sijambo, kisha hupumua, ndipo aseme "ila." Mimi nilikuwa nangoja kuulizwa habari. Daktari akaandika, akafunga daftari, akaita mwingine. Nikamgeukia karani. Aliniona nilivyoletwa. Sijambo yangu aliijua, mamake alimfundisha hiyo hiyo. Akatazama viatu vyake, akasema, "Haya twende, meli inangoja."

Kesho yake nyapara akanirudisha gatini. Nikamwambia siwezi. "Daktari kaandika mzima," akasema. "Wewe unajua kuliko daktari? Mtegeaji mkubwa!" Nikabeba na wenzangu robota mbili. Ya tatu siikumbuki. Tangu siku hiyo kiuno hiki si changu.

Walinifukuza hata kipande, ile kadi ya siku za kazi, sijakimaliza, na kwa hali ile nisingefika Kinjumbi. Mbebaji mwenzangu akanipeleka kwao Rutamba, na huko dada yake ndiye aliyeniuguza. Miezi sita baadaye nilimwoa. Watu wakasema ameolewa na mgonjwa. Yeye akasema, "Angalau huyu najua atakuwa nyumbani."

Mpaka leo, alfajiri, huukaanga mchanga kwenye kigae, akaufunga katika kanga kuukuu na kuniwekea chini ya kiuno. Nyumbani kwetu salamu ya hujambo tumeiacha. Huniuliza, "Wapi leo?"

Nami humwonyesha. "Hapa. Na mguuni."

"Wageni wawili basi. Jana alikuja mmoja."

Mchanga ukipoa hunipaka mafuta ya mnyonyo. Kisha nageukia ubavu wa kulia, nashusha miguu, yeye ananishika kiwiko bila kuvuta. Ukinivuta umeniua. Kitanda chetu ni cha kamba, na kamba zikilegea mimi silali, basi mke wangu hukiwamba mwenyewe, unyayo kwenye mti wa kitanda, anavuta hadi jasho linamtoka. Hiyo ni kazi ya mwanamume. Majirani wakimcheka huwaambia, "Nakilalia mimi, au mnakilalia nyinyi?"

Kusujudu siwezi. Nilitafuta cha kukalia nikaona mbuzi ya kukunia nazi, nikaikalia nikaswali. Alingoja hadi nitoe salamu, ndipo akasema, "Mungu akupokelee, mume wangu, ila usiinamie mbele sana, utakunwa." Tulicheka hadi nikaumia, akaniomba radhi huku anaendelea kucheka.

Riziki yangu ni kusuka makuti. Nasuka mawili, nasimama, nazunguka ua, nakaa tena. Masika ndiyo mabaya. Siku za mvua sisemi na mtu, na mke wangu hanisemeshi, hunisogezea uji tu.

Na binti yangu sijambeba tena nikiwa nimesimama. Alikuwa akiletwa nilipolala, akawekwa kifuani. Alipoanza kutambaa alinipanda mwenyewe, upande wa kulia tu, hakuna aliyemfundisha. Mtoto wa mwaka mmoja alijua pa kunigusa.

Sasa ana miaka saba. Wiki iliyopita alirudi kutoka chuoni, kusoma Kurani, akaniuliza, "Baba, mtegeaji maana yake nini?"

Mamake akaacha kupepeta. "Nani kakwambia neno hilo?"

"Wenzangu. Wanasema karani kasema daktari aliandika baba ni mzima."

Maana yule karani amerudi Kinjumbi, amestaafu, anaheshimiwa.

"Mimi naumwa, mwanangu," nikasema. "Huoni?"

"Naona. Kwa nini hamkumwambia daktari?"

Hakusema hukumwambia. Alisema hamkumwambia, yaani mimi na karani.

Nyapara simsamehe, yeye na baiskeli yake. Daktari naye simsamehe, maana kumwona mtu aliyeburutwa mlangoni hakuhitaji Kiswahili. Lakini hao wako mbali. Wewe karani kila Ijumaa nakuamkia shikamoo mlangoni mwa msikiti kwa kuwa umenizidi umri, nawe unaitikia marahaba kwa sauti nzuri. Ulikuwa mdomo wangu siku ile, ukaufunga. Kisha mdomo huo huo umeufungua mbele ya watoto wa watu.

Njoo kwangu. Njoo mchana, wakuone. Keti mbele ya binti yangu umwambie uliona nini, ulijua nini, na kwa nini ulinyamaza. Swali ameuliza yeye. Mjibu wewe.