Sentensi Iliyobaki Ubaoni

Ilikuwa mwaka 2011, masika, maharage yakipaliliwa kwa mara ya pili, nami nikiwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Naikumbuka siku yenyewe: Jumanne, tarehe 12 Aprili. Naikumbuka kwa hasira, mwanangu, na hasira hiyo sikusudii kuificha, kwa sababu juzi nilikusikia uani ukikariri Kiingereza kutoka kwenye simu. Neno lilikuwa la umaskini, na mfano wake ulikuwa watu wa vijijini Afrika. Ukaurudia kwa sauti nzuri, ukiwa umekaa hapa hapa Keza, ndani ya kibanja hiki cha migomba kilichokusomesha. Hukusita hata kidogo. Basi kaa, usikilize.

Mume wangu alikuwa amefariki miaka mitano kabla. Matanga yalipokwisha, shemeji zangu walinitaka nichague: nirithiwe na mdogo wa marehemu, au nifunge mizigo nirudi kwetu Nyamiaga. Sikuchagua lolote. Kesho yake niliingia migombani kukata majani makavu, na mama mkwe wangu, ambaye hakuna aliyetarajia aniunge mkono, akaja na panga lake tukafanya kazi pamoja. Suala hilo halikuzungumzwa tena mbele yangu. Nyuma yangu lilizungumzwa kila siku.

Mimi nilikuwa nimeishia darasa la saba. Nilitaka cheti cha kidato cha nne, nikajiunga na darasa la jioni la watu wazima. Mwalimu wa Kiingereza, kijana niliyemzidi miaka kumi na zaidi, alikuwa na utaratibu wake: aliandika neno ubaoni, chini yake maana, na chini ya maana sentensi ya mfano. Sisi tulinakili, kisha kila mmoja alisimama akasoma yote matatu kwa sauti. Asiyesoma hakuandikishwa kwa mtihani. Utaratibu huo niliupenda, na sijauacha hadi leo.

Jumanne hiyo neno lilikuwa "widow". Maana yake aliiandika sawasawa: mwanamke aliyefiwa na mume. Sikuwa na ugomvi na maana hiyo. Chini yake akaandika: "The widow has nothing." Mjane hana kitu.

Darasa zima liligeuka kunitazama, kwani mjane mle ndani nilikuwa mimi peke yangu. Zamu yangu ilipofika nilisoma neno, nikasoma maana, nikafunga daftari.

"Malizia, Mama Adelina," Mwalimu akasema.

"Hiyo siisomi."

"Ni mfano tu, mama."

"Mfano wa nani?"

Shabani, dereva wa bodaboda aliyependa kukaa nyuma, akadakia: "Mwalimu, msamehe! Leo nitamrudisha bure, si hana kitu?"

Wakacheka. Nikakusanya vitu vyangu nikatoka. Mwalimu alinifuata hadi mlangoni kunikumbusha kwamba asiyesoma sentensi haandikishwi, awe mama wa nani.

Wiki haikwisha, sentensi hiyo ikawa imeenea kijijini. Watoto wa shule waliniamkia njiani, "Shikamoo," nami nikiisha kuitikia marahaba wanaitamka ile sentensi na kutimua mbio. Shemeji zangu, ambao Kiingereza chao kilikuwa cha kusalimia tu, hiyo waliijua yote.

Nilidhani mama mkwe angenisifu. Alikuwa akimenya ndizi, wala hakuinua kichwa.

"Ulipotoka, uliyafuta?"

"Nini, mama?"

"Hayo maneno. Uliyafuta?"

"Hapana."

"Basi umewaachia ubao. Wanangu walipokuambia ufunge mizigo, hukufunga. Leo kijana mwenye chaki amekufungisha. Chukua kisu, umenye."

Nilimkasirikia yeye kuliko nilivyomkasirikia Mwalimu, kwa kuwa alikuwa amesema kweli. Kesho yake nilipeleka malalamiko kwa kamati ya darasa, na kila jioni nikarudi kukaa benchi la mbele, ingawa Mwalimu alipofika kwangu aliniruka kama kiti kitupu.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu. Jifunze Kiingereza, ukijue barabara. Sitaki kusikia umekiacha kwa sababu yangu. Maana ya neno ichukue kutoka kitabuni au kwenye simu, lakini ukifika kwenye mfano, simama. Ameutunga mtu. Tazama ndani yake amemweka nani, na anamfanya nini. Ukikuta wewe ndiwe umewekwa humo bila kuulizwa, usinune ukaondoka. Tunga wako, uwe wa kweli, uuandike pale pale. Mungu akupe ulimi usiokodishwa na mtu, na akujalie kuuona uzee ukiwa juu ya ardhi yako.

Shauri langu lilimalizwa Ijumaa, tarehe 6 Mei 2011, katika kikao cha kamati, darasa lote likiwapo. Mwenyekiti, mzee wa maneno machache, alimuuliza Mwalimu kama sentensi yake ni ya kweli.

"Ni sahihi, mwenyekiti."

"Usahihi sijauuliza."

Ikaamuliwa kwamba kuanzia siku hiyo kila mwanafunzi atunge mfano wake mwenyewe, mradi uwe wa kweli, na kwamba mimi niandikishwe kwa mtihani. Nikaenda ubaoni. Kiingereza changu kilikuwa kidogo mno, hata hasira yote ile haikuenea ndani yake. Niliandika: "The widow stays." Mjane haondoki.

"Ni kweli?" mwenyekiti akauliza.

Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kwa miguu na kukaa karibu na mlango, ndiye aliyejibu: "Nakaa naye nyumba moja. Hajaondoka."

Ndipo wakasimama kusoma, mmoja mmoja, neno, maana na mfano wangu. Shabani aliamriwa aanze.