Ruhusa ya Mwenye Mgongo

Kwenye kliniki moja hapa Migori, nesi alikataa kunidunga sindano ya kupanga uzazi. "Lete bwana yako akubali kwanza." Bwana anachimba dhahabu kule Masara, na mimi shule imekubali nirudi, nikishika mimba nyingine, basi, kwisha mimi. Kugeuka nitoke, namwona mama mkwe mlangoni, yule anayesema kila Sabato kwamba watoto ni baraka. Akanifungua leso niliyombebea mtoto, akamhamisha mgongoni kwake.

"Sister, huyu akienda shule, mwenye atabeba mtoto ni bwana yake?"

Nesi akamtazama mtoto.

"Basi uliza mwenye mgongo. Nimekubali."

Nikadungwa. Njiani akaninong'onezea, "Nyathina, mwanangu, kijana yangu asijue." Nikaapa. Mbali na nyinyi wasomaji, sitamwambia mtu mwingine.