Saluti Niliyompigia Mkaguzi

Nichekeni tu, mimi mwenyewe nimekwisha kujicheka. Nilikuwa kwenye majaribio ya ualimu msaidizi katika shule moja huku Iramba, na mkaguzi wa Kizungu alikuwa anakuja kuamua kama nitabaki.

Watoto wa darasa la kwanza walirusha mipira ya matambara wakiwa wamebana miguu pamoja, nayo ikaanguka palepale. Mkumbo, mdogo kuliko wote, alianguka pamoja na mpira wake. Nikaapa kwamba watajua kutupa. Kwa kuwa wote hulinda mtama nyumbani usiliwe na ndege, niliwaambia, "Nikiinua mkono, ndege wapo ninakotazama, watupieni!" Kila siku tulirudia: mguu mmoja mbele, geuza kiwiliwili, tupa. Wakaweza kweli.

Mkaguzi akafika tukiwa uwanjani, watoto wameshika mipira. Kwa aibu, hata salamu ikanishinda. Nikamtazama, nikampigia saluti.

Mipira yote ikamwendea. Kofia ikaruka.

"Nani amewafundisha kulenga hivi?" akauliza, ameshika sikio.

Mkumbo akasogea kwa adabu. "Shikamoo, bwana. Ni mwalimu huyu. Na uliokupata sikioni ni wangu."